Goma: Manjanja yakidondosha maji bila mvua, nani alipe?

Mjini Goma, mpangaji akiamka na kukuta kitanda kimelowa, anaita mwenye nyumba. Mwenye nyumba anaita fundi. Fundi anapanda juu, anapigilia misumari mipya, anapakaza gudroni, analipwa, anashuka. Siku chache baadaye maji yanadondoka tena, na safari hii mvua haikunyesha. Hapo ndipo ugomvi unaanza.

Mafundi wenyewe hawapatani juu ya jambo hilo. Kuna wanaosema kosa ni la manjanja mepesi, wengine wanashitaki volkano, na wachache wanasema maji hayo yanatoka ndani ya nyumba yenyewe. Kila upande una haki kwa nyumba fulani. Shida ni kwamba mara nyingi anayechunguza paa ndiye atakayelipwa kulibadilisha. Anayepima ugonjwa ndiye anauza dawa, na mwenye feza kidogo ndiye anaumia.

Volkano kweli ina mkono wake. Nyiragongo, mlima ulioteremsha lava hadi katikati ya mji tarehe 17 Januari 2002 na kurudia pembeni yake tarehe 22 Mei 2021, hausubiri kulipuka ili kuharibu nyumba. Pamoja na jirani yake Nyamulagira, unatoa moshi wenye gesi ya salfa, na gesi hiyo ikikutana na unyevu wa mawingu inageuka asidi. Manjanja ya kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Asidi inakula zinki kwanza, chuma kinabaki uchi, kisha kutu nyekundu inaingia. Kwa kuwa upepo unasukuma moshi mara nyingi upande wa magharibi, wakaaji wa Rusayo na wa njia ya Sake wanaona manjanja yao yakizeeka mbio.

Hapo ndipo unene unahesabika. Madukani manjanja yanauzwa kwa namba: BG 28, BG 30, BG 32. Namba ikipanda, unene unashuka, na hiyo inadanganya wanunuzi wengi wanaofikiri 32 inapita 28. Yale yenye rangi ya kiwandani yanavumilia asidi zaidi, lakini fundi akiyaburuta juu ya mawe ya lava rangi inakwaruzika, na kutu inaanzia hapo hapo. Inaanzia pia kwenye kingo zilizokatwa kwa msumeno.

Moshi huo huo unagusa maji ya kunywa. Familia nyingi zinazokaa mbali na bomba zinakinga maji ya paa kwa gutiere. Mvua inayopita katika moshi wa volkano inabeba fluori, ambayo ikizidi inachafua meno ya watoto na mwishowe inagusa mifupa. Shirika la Afya Duniani, OMS, linaweka mpaka wa miligramu 1,5 kwa litri. Kuchemsha kunaua vidudu tu, fluori inabaki. Hata manjanja mapya hayabadilishi neno hilo.

Lakini si kila tone ni la volkano. Kuna kosa la zamani la maseremala: msumari kupigwa katika bonde la manjanja, pale maji yanapopita, kuliko juu ya mgongo wake. Kuna paa lililolazwa sana ili kupunguza mbao, maji yanatembea pole pole na upepo unayarudisha chini ya maungio. Uvujaji wa namna hiyo una alama yake: unakuja na mvua, mahali pamoja, na kuacha doa lenye mviringo wa kahawia.

Tone lisilo na mvua ni jambo lingine kabisa. Goma iko karibu metre 1.500 juu ya bahari, na usiku manjanja yanapoa kuliko hewa ya ndani. Chini yake wamelala watu sita katika chumba kimoja cha mbao, madirisha yamefungwa, na jioni sufuria ya maharagi imechemka masaa matatu juu ya mbabula. Pumzi na mvuke vinapanda, vinagusa chuma baridi, vinageuka maji. Karibu na asubuhi paa lote linatoa jasho, si sehemu moja tu. Fundi anaweza kubadilisha manjanja yote na kuweka BG 28, na jasho litarudi usiku ule ule.

Dawa ya hapo ni plafo, na hapo tena mafundi wanagawanyika. Wengine wanafunga tripleksi toka ukuta hadi ukuta bila kuacha hata tundu, wakisema joto lisitoroke. Ni kweli plafo inapunguza baridi ya usiku, pia joto kali la mchana na kelele ya mvua. Lakini mvuke unapenya maungio, unafungiwa juu, na mbao zinaoza bila mtu kuona. Wanaoacha matundu yenye wavu pande mbili za paa, ili hewa ipite juu ya plafo, wako na haki zaidi. Na chumbani kwenyewe, kuziba kila tundu huku mbabula ya makala ikiwaka ndani si kupigana na baridi tena: gesi ya makala haina harufu, na inaua watu usingizini.

Unyevu wa chini una kesi yake. Ukuta ukilowa toka sakafuni hadi magotini, paa halina kosa. Nyumba iliwekwa juu ya mawe bila plastiki kati ya msingi na ukuta. Bukavu, ambako parseli nyingi zimechongwa katika mteremko, ukuta wa nyuma unanywa maji ya kilima, na rangi mpya ya ndani inabanduka kabla ya miezi mingi. Pale mtaro nyuma ya nyumba ndio unasaidia.

Kwa sakafu ya simenti kuna kipimo kisicho na bei: kubandika kipande cha plastiki juu yake, kufunga kingo zote kwa skochi, kungoja siku moja. Maji yakionekana chini ya plastiki, yanatoka udongoni. Yakiwa juu yake, ni ya hewa ya chumba.

Kwa paa, saa ya kumwita fundi ina maana. Akija mchana jua likiwaka, ataona chuma kikavu na matundu ya misumari, na ataandika bei ya manjanja. Akija alfajiri, baada ya usiku usio na mvua, mpangaji na mwenye nyumba wakiwa wote wawili pale, atapitisha mkono chini ya manjanja na kuonyesha kila mmoja kama kiganja kimelowa.