Printa Iliyogoma Kila Jumanne

Kati ya mwaka 2008 na 2009, mtumiaji mmoja wa Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, aliandika malalamiko ambayo mafundi wengi wangeyapuuza. Mkewe alikuwa amemwambia kwamba printa ya nyumbani haichapi Jumanne. Siku nyingine inachapa vizuri. Ikifika Jumanne, nyaraka za OpenOffice, programu ya kuandikia, hazitoki. Nani angeamini maneno kama hayo? Lakini yalipofuatiliwa, mama yule alionekana kuwa sahihi kabisa.

Nakipenda kisa hiki kuliko vyote ninavyovijua katika ufundi wa kompyuta, kwa sababu kinaonyesha jinsi uchapaji unavyofanya kazi ndani. Tunadhani ukibonyeza kitufe cha kuchapa, kompyuta huongea na printa moja kwa moja. Sivyo. Kwenye Linux waraka hupita mikononi mwa programu kadhaa zinazopokezana, kama vibarua wanaorushiana tofali kwenye mjengo. Programu ya kuandikia huutoa waraka ukiwa PDF au, kama ilivyokuwa zamani, PostScript. CUPS, mfumo ulioanzishwa na Michael Sweet na kutolewa mwaka 1999, huupokea na kuupanga foleni. Vichujio huubadilisha hatua kwa hatua hadi uwe lugha ambayo printa ile inaielewa. Hapo ndipo draiva inapofanya kazi yake. Mwishoni kabisa programu nyingine ndogo huusukuma kwenye waya wa USB au mtandao. Tofali likianguka popote, aliye mwisho wa mstari anachojua ni kwamba halikumfikia.

Siku ya Jumanne lilianguka mahali ambapo hakuna aliyepadhania. Linux ina programu iitwayo file, inayochungulia faili na kusema ni la aina gani kwa kulinganisha herufi zake na orodha ya alama. Mstari mmoja wa orodha hiyo ulikusudiwa kutambua mafaili ya Erlang, lugha ya kuandikia programu, kwa alama ndefu ya tarehe: Tue Jan 22 14:32:44 MET 1991. Ila katika orodha hiyo nafasi tupu humaanisha alama imekwisha, na aliyeuandika mstari hakuzikinga nafasi zake. Zikabaki herufi tatu tu: Tue, kifupi cha Jumanne kwa Kiingereza. OpenOffice nayo iliandika tarehe mwanzoni mwa kila waraka wa PostScript, na ikatokea kwamba jina la siku liliangukia mahali palepale file ilipokuwa ikichungulia. Kila Jumanne, basi, barua ya kawaida ikatangazwa kuwa programu ya Erlang, na kwa kuwa uchapaji ulitegemea jibu la file, kazi ya kuchapa ikaishia hapo. Printa ilikuwa nzima. Waya ulikuwa mzima.

Nilikikumbuka kisa hicho nilipoketi na kijana mwenye duka la steshenari. Printa yake ya leza ilikuwa kimya siku ya pili, na wateja wanaondoka na flashi zao mkononi.

"Kaka, draiva nimeshaiweka upya mara nne," aliniambia.

Karibu kila mtu huanzia hapo, na ni kuanza vibaya, maana unafuta ushahidi kabla hujausoma. Tukaanza na amri ya lpinfo -v. Printa ikaonekana kwa jina lake kwenye USB, kwa hiyo kompyuta ilikuwa inaiona. Tukaandika lpstat -p, na jibu likawa kwamba foleni imezimwa. CUPS ikishindwa kuifikia printa, tuseme waya umechomolewa kazi ikiendelea, inaweza kuifunga foleni, na waya ukirudishwa foleni haijifungui yenyewe. Tukaifungua kwa cupsenable. Kazi zikaanza kusogea, kisha kila moja ikafia njiani na ujumbe: Filter failed. Mkono wa pili, kosa la pili.

Hapo ndipo logi inapolipa. Tuliwasha kumbukumbu za kina kwa cupsctl --debug-logging, tukatuma ukurasa mmoja, tukafungua logi ya makosa ya CUPS. Kichujio cha draiva kilishindwa kuanza, eti faili halipo. Kijana akafungua folda, akaligusa jina kwa kidole kwenye kioo. "Mbona lipo, kaka?"

Lipo kweli. Draiva ile ilitengenezwa kwa kompyuta za biti 32, na mashine yake ni ya biti 64. Programu ya namna hiyo huhitaji faili jingine la kuipakia kwenye kumbukumbu. Hilo ndilo lililokosekana, lakini Linux hutoa ujumbe uleule bila kusema ni faili lipi. Tulisakinisha maktaba za biti 32. Ukurasa ukatoka, wa moto.

Mtengenezaji angetoa msimbo wa draiva ile, mtu angekuwa ameshaitengeneza upya kwa biti 64 zamani. Donda hili ni la siku nyingi. Karibu na mwaka 1980, Richard Stallman, akiwa kwenye maabara ya MIT, alinyimwa msimbo wa printa ya leza ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi, na mwenyewe husimulia tukio hilo kama mojawapo ya yaliyomsukuma kutangaza mradi wa programu huria wa GNU mwaka 1983. Leo kuna nafuu. Printa nyingi mpya huelewa itifaki ya IPP na kujieleza zenyewe, ukubwa wa karatasi, rangi, kila kitu, kwa hiyo CUPS huchapa bila draiva ya kiwandani. Nikiulizwa printa ya kununua, sifa hiyo ndiyo naitanguliza kuliko kasi.

Kijana hakuwa na mpango wa kununua mpya. Alirarua kipande cha boksi la karatasi, akaandika kwa kalamu ya wino mzito /var/log/cups/error_log, akakibandika ukutani juu ya printa, kisha akamwita mteja aliyekuwa mbele kwenye benchi.