Matokeo Yapangiwe Kabla ya Mtihani

Kila Januari, wakati wazazi wengi wa Sultan Hamud wangali mashambani wakishughulikia ndengu, matokeo ya mtihani wa kidato cha nne hutangazwa. Nimefunza katika eneo hili kwa miaka mingi, nami siku hiyo huihofia kuliko siku za mtihani wenyewe. Mtihani una ratiba, una msimamizi na una mwisho. Matokeo humkuta kijana nyumbani, peke yake, simu mkononi.

Mwaka mmoja mwanafunzi wangu, kijana mpole aliyependa hesabu, alipata alama ya C. Alikuwa amekwisha kuwatangazia jamaa zake kwamba angesomea udaktari. Usiku ule hakulala nyumbani. Tulimtafuta kando ya reli na kwenye maegesho ya malori katika barabara kuu ya Mombasa, hata alfajiri tukamkuta amejikunyata nyuma ya kibanda cha mama muuza chai. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Mwalimu, sikujua niende wapi."

Neno hilo lilinichoma. Kwa miaka minne tulikuwa tumemwonyesha njia moja tu.

Hebu tutazame takwimu. Katika KCSE ya mwaka 2024, watahiniwa walikuwa zaidi ya 960,000. Waliopata C+ na zaidi, alama inayomfungulia mtu mlango wa shahada, walikuwa 246,391, yaani takriban robo. Katika kila wanafunzi wanne, watatu hawakuifikia. Je, hao watatu tumewaandalia nini? Aghalabu huwa hatujawaandalia lolote, ila lawama.

Pendekezo langu kwa walimu wenzangu ni hili. Muhula wa tatu uanzapo, kila mtahiniwa aandike njia tatu katika karatasi moja. Ya kwanza iwe ya C+ na zaidi. Ya pili iwe ya C-, ambayo humwezesha kusomea stashahada. Ya tatu iwe ya alama za chini ya hapo: mwenye D huweza kusomea cheti cha ufundi, na hata mwenye E hupokewa katika kozi za msingi za ufundi stadi. Mtahiniwa ataje kozi anayoitaka katika kila njia. Wazazi nao waelezwe mapema kwamba bodi ya mikopo, HELB, huwakopesha wanafunzi wa vyuo vya ufundi pia, na kwamba anayetaka kurudia mtihani anaruhusiwa. Mwisho, mtahiniwa aandike jina la mtu mzima atakayekuwa naye siku ya kusoma matokeo.

Nanyi wanafunzi, karatasi hiyo haiwapi ruhusa ya kulegea. Jipimeni kwa mitihani ya miaka iliyopita, saa ikiwa mezani. Lianzeni somo linalowatisha asubuhi, akili ikiwa bado changa. Laleni usiku wa kuamkia mtihani, na mkishatoka chumbani msiijadili karatasi mliyokwisha kuikabidhi. Anayejua kwamba maisha yake hayategemei uzi mmoja hushika kalamu kwa mkono uliotulia.

Wapo watakaosema kwamba kumtajia mwana alama ya D ni kumtakia mabaya. Sikubaliani nao. Mkulima wa Makueni hupanda mahindi, na kando yake hupanda mbaazi, kwa kuwa anaijua mvua ya kwao. Hakuna amwambiaye kwamba ameyaapiza mahindi yake.

Yule kijana alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea umeme. Siku hizi pampu ya kisima ikiharibika, ndiye tunayemwita. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, walisema wahenga. Lakini laiti tungalimwambia hayo mwezi Septemba, asingalilala nje ile Januari.