Ngoma na Tiba ya Muziki: Suala la Istilahi na Dhana

Istilahi “tiba ya muziki” huchukuliwa kuwa tafsiri ya taaluma iliyopata vyama na mitaala yake nchini Marekani na Uingereza katikati ya karne ya 20. Makala haya yanadai kwamba istilahi hiyo haiwezi kueleweka barabara katika Kiswahili bila kulinganishwa na neno kongwe zaidi, yaani “ngoma”.

Ngoma ni ala inayopigwa, ni mchezo unaochezwa, na katika uganga ni shughuli nzima ya kumtibu aliyepandwa na pepo. John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1992 kilichotokana na utafiti uliofanywa, miongoni mwa kwingineko, Kinshasa na Dar es Salaam, aliiona ngoma kuwa ni asasi ya tiba iliyoenea miongoni mwa wasemaji wa lugha za Kibantu. Kilingeni, mwele hapigiwi muziki ili asikilize tu. Pepo huulizwa jina na haja zake, jamaa huitikia, na ugomvi uliofichika nyumbani hupata kusemwa pasipo mwele kulaumiwa.

Tiba ya hospitalini ina msingi mwingine. Mwaka 1973 Martin Albert, Robert Sparks na Nancy Helm walieleza njia ya kuwatibu kwa kiimbo watu wenye afasia, yaani waliopoteza usemi kutokana na madhara ya ubongo. Mgonjwa huimba vifungu vifupi huku akigonga kwa mkono silabi moja moja, kwani baadhi ya wagonjwa huweza kuyaimba maneno wasiyoweza kuyasema.

Ni dhahiri, basi, kwamba dhana hizi mbili hazibadilishani nafasi. Anayeiita ngoma burudani tu hupuuza uhusiano wa kijamii unaomrejesha mgonjwa kwa watu wake. Naye anayeifanya dawa ya kila maradhi huweza kumchelewesha hospitali mwenye kiharusi.

Aidha, njia ya mwaka 1973 ilijengwa juu ya mkazo na kiimbo cha Kiingereza. Katika Kiswahili, mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno mengi ni marefu kutokana na uambishaji. Vifungu vya kumfaa mgonjwa Mswahili, kwa hiyo, havitapatikana kwa kutafsiri. Vinahitaji uchambuzi wa fonolojia ya Kiswahili. Kazi hiyo haiwezi kuachiwa madaktari peke yao.