Fidla na Piano: Nani Anamsindikiza Nani?

Katika mikusanyiko ya Wairaqw wa Karatu, kaskazini mwa Tanzania, ipo sanaa ya kinywa iitwayo slufay. Mzee hutiririsha mistari ya baraka, na waliokusanyika humwitikia kwa pamoja kila anapofika kituoni. Anayehesabu maneno atasema kazi yote ni ya mzee. Lakini mwitikio ukikosekana, kinachobaki ni mtu anayesema peke yake, na baraka haijawa ya wote. Mizani hiyo hiyo inafaa kupimia muziki unaodhaniwa kuwa mbali kabisa na miinuko ya Karatu: muziki wa klasiki wa Ulaya unaopigwa na watu wawili tu, mmoja na fidla, mwingine na piano. Mara nyingi tangazo la onyesho la aina hiyo husema kwamba mpiga fidla fulani atapiga "akisindikizwa" na mpiga piano fulani. Neno hilo tumelizoea, lakini kwa kazi zilizo bora za vyombo hivi viwili linapotosha, na linatufundisha kusikiliza nusu ya muziki.

Kumsindikiza mgeni ni kumtoa mlangoni, kwenda naye hatua kadhaa, kisha kurudi nyumbani; safari ni yake. Mpiga piano harudi. Ushahidi wa kwanza umo kwenye karatasi. Mpiga fidla huwekewa mbele yake nota zake peke yake. Nakala ya mpiga piano huwa na safu tatu: mbili za mikono yake, na juu yake ya tatu yenye sehemu yote ya fidla. Kwa hiyo yeye ndiye anayeuona muziki mzima unakotoka na unakokwenda. Mwenzake akiruka mstari, yeye ndiye wa kwanza kujua na ndiye anayeweza kumdaka kabla wasikilizaji hawajang'amua. Mtu aliyeshika ramani hatumwiti msindikizaji.

Ushahidi wa pili umo katika vyombo vyenyewe. Fidla ina nyuzi nne na haina alama za kuonyesha kidole kikae wapi. Uta ukivutwa, sauti inaweza kuanza kama mnong'ono, ikavimba, kisha ikapungua bila kukatika. Piano ya kawaida ina vibao 88, na kila kibao hurusha nyundo iliyovikwa sufu ngumu ikagonga nyuzi zilizo ndani ya kasha. Nyundo ikishagonga, sauti huanza kufifia papo hapo, na mpigaji hana namna ya kuikuza tena. Sauti za piano, pia, fundi amekwisha kuzipanga kabla ya onyesho, hali kidole cha mpiga fidla kikisogea kidogo tu, sauti hupanda au kushuka. Kwa upande wake, fidla haiwezi kushika sauti nyingi kwa pamoja kama vidole kumi vya mpiga piano. Basi kila mmoja amenyimwa kile alichopewa mwenzake. Mpiga fidla husikiliza piano ili ajue sauti yake ikae wapi. Mpiga piano hutazama uta ili ajue lini kugonga, maana asipougoja atafika peke yake. Hakuna kiongozi anayesimama mbele yao kuwahesabia mapigo. Kinachowaongoza ni masikio, pumzi na kutupiana macho.

Historia nayo inalicheka neno "kusindikizwa". Mwaka 1778 mtunzi Mozart alichapisha mjini Paris sonata sita, yaani kazi zenye sehemu mbili au zaidi, za vyombo hivi, na kwa desturi ya wakati ule jalada lilizitaja kuwa sonata za kinanda zenye kusindikizwa na fidla. Naam, wakati huo msindikizaji alikuwa fidla! Baadaye wapiga fidla mahiri walipojaza kumbi kwa majina yao, cheo kikageuzwa. Kitu kilichoweza kugeuzwa juu chini namna hiyo hakikuwa asili ya muziki bali mazoea ya wachapishaji na wauza tiketi. Kati ya zama hizo mbili kuna kisa cha Vienna cha tarehe 24 Mei 1803. Mtunzi Beethoven alikaa kwenye piano, na fidla ilishikwa na George Bridgetower, mzaliwa wa Poland ambaye baba yake alikuwa na asili ya Afrika. Sonata mpya ya Beethoven waliyoipiga ilichelewa kukamilika kiasi kwamba Bridgetower ilimbidi asome sehemu ya pili moja kwa moja kwenye mwandiko wa Beethoven. Kwa masimulizi ya Bridgetower mwenyewe, palipokuwa na kipande cha piano kikiruka peke yake, yeye alikijibu kwa fidla bila kuandikiwa, na Beethoven akainuka kumkumbatia. Baadaye wakagombana, na sonata ilipochapishwa mwaka 1805 ilipewa jina la Kreutzer, mpiga fidla ambaye inasemekana hakuwahi kuipiga hadharani. Hata hivyo jalada lake lilieleza kwamba imeandikwa karibu kama konseti, yaani kwa mtindo wa kushindana na kujibizana. Bridgetower alipoteza jina kwenye jalada, lakini jibu lake linabaki kuwa ushahidi: wawili hao walikuwa wanazungumza.

Atasema mtu: yote hayo ni ya Ulaya, yanatuhusu nini? Yanatuhusu kwa sababu ndoa ya uzi unaosuguliwa na chuma kinachobonyezwa tunayo nyumbani. Wagogo wa Dodoma wana zeze, lipigwalo kwa uta, na ilimba, yenye vyuma vinavyodundwa kwa vidole gumba. Sauti ya zeze huvutika, ya ilimba hudunda na kufifia. Tofauti yao ni ile ile ya fidla na piano. Hukwe Zawose, aliyeishi na kufundisha Bagamoyo hadi alipofariki mwaka 2003, alivifikisha vyombo hivyo kwenye majukwaa ya dunia pamoja na mpwa wake Charles, na asingetokea Mgogo wa kusema kwamba ilimba iko pale kulibebea zeze begi. Fidla yenyewe si mgeni tena. Imo katika taarab ya Zanzibar, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na imo katika kidumbaki, ambako fidla hupanda na wimbo huku sanduku na vigoma vikiwainua wachezaji.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi. Zipo kazi ambazo piano kweli hufanya kazi ya kusindikiza tu: fidla huonyesha ufundi wa vidole, na piano huweka mapigo chini yake. Hilo ni kweli, na kwa kazi hizo neno libaki. Lakini ukiruhusu kipande cha maonyesho kitoe jina kwa sonata za Mozart, Beethoven au Brahms, ni kama kuita kila mazungumzo hotuba kwa sababu hotuba zipo. Wala usawa si kufanana. Katika slufay mzee na waitikiaji hawasemi maneno yale yale, na hakuna anayeona hilo kuwa dharau.

Kwa hiyo atakayesikiliza sonata kwa mara ya kwanza, aanze kwa kuifuata piano peke yake, kisha arudie na kuisikiliza fidla. Mara ya tatu ataanza kusikia nani anauliza na nani anajibu. Na mshereheshaji atakapoinuka kuwatambulisha wapigaji, ayataje majina yote mawili, na kati yake atie "na".