Halcyon, Kivumishi Kilichozaliwa Baharini

Mwandishi wa michezo wa London anapozikumbuka siku za halcyon za timu fulani, msomaji huelewa mara moja: vikombe vilikuwepo, sasa havipo. Kivumishi hicho adimu cha Kiingereza hueleza kipindi cha utulivu na neema, mara nyingi kilichokwisha kupita, na karibu kila mara huandamana na siku au miaka.

Asili yake ni jina la Kigiriki la ndege mdiria. Katika hadithi aliyoisimulia mshairi Mrumi Ovid, Alcyone, binti wa Aeolus mtawala wa pepo, alifiwa na mumewe Ceyx chombo kilipozama. Miungu ikawahurumia, ikawageuza wote wawili ndege. Tangu hapo, kila Alcyone alipoatamia mayai kwenye kiota kilichoelea, baba yake alizifunga pepo, bahari ikawa shwari. Aristotle alizitaja siku 14 za namna hiyo katikati ya majira ya baridi.

Kwa kweli mdiria hataki kabisa kutaga majini. Hutafuta shimo ukingoni mwa mto au tundu la mti.

Wanasayansi nao wamelihifadhi jina. Mdiria wa mikoko wa pwani ya Afrika Mashariki, mwenye mdomo mwekundu na mabawa ya buluu, huitwa Halcyon senegaloides.