Soko la samaki Bagamoyo: Mwezi na upepo ndivyo hupanga bei

MTU atokaye Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, mwendo wa kilomita zipatazo 70, aghalabu hurejea na samaki ndani ya ndoo na swali kichwani: iweje fungu la dagaa alilolinunua kwa bei ya kutupa majuma mawili yaliyopita, leo liwe ghali kiasi hiki? Wengi huwalaumu madalali. Lawama hiyo ina ukweli, lakini mdogo.

Soko lenyewe liko ufukweni, jirani na jengo la kale la Forodha lililojengwa mwaka 1895, miaka minne baada ya mji huo kuacha kuwa makao makuu ya utawala wa Kijerumani. Samaki hunadiwa kwa mafungu mara tu chombo kinapofika, kwa kuwa mvuvi asiye na barafu ya kutosha hawezi kungoja kesho. Baada ya gharama za safari kutolewa, kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na mabaharia wake.

Sasa turudi kwenye dagaa. Hawa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi palipo na giza. Mwezi unapokuwa mpevu, bahari nzima huwa na mwanga, dagaa hawakusanyiki chini ya taa, na vyombo vingi hubaki vimetia nanga. Hapo ndipo bei hupaa. Anayetaka dagaa wa bei nafuu na aangalie mwezi kabla ya kuangalia mfuko wake.

Upepo nao una amri yake. Kusi linapovuma kwa nguvu, katikati ya mwaka, ngalawa ndogo hazithubutu kwenda mbali. Nguru na jodari huadimika, wakabaki changu na tasi wa miambani. Hata maji hudai chake: ufukwe wa Bagamoyo ni tambarare, hivyo wakati wa bamvua maji yakitoka vyombo hukwama mbali, na wachukuzi hubeba samaki mabegani kwa ujira.

Wanaoumia zaidi siku hizo ni akina mama wanaokaanga samaki. Mchuuzi wa mjini aliyekuja na gari la barafu huweza kupandisha dau. Mama mwenye karai moja hana uwezo huo, naye mteja wake hakubali kipande kipande bei.

Uhaba huo pia hufungua mlango kwa samaki wa baruti, uvuvi uliopigwa marufuku na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Baruti haichagui: huua wakubwa na makinda, na kuvunja matumbawe wanamozaliana. Mnunuzi makini anaweza kumshuku samaki wa namna hiyo. Nyama yake hulegea mapema kupita kawaida, uti wa mgongo mara nyingi huwa umevunjika, na akipasuliwa tumboni hukutwa damu iliyovilia. Samaki mzuri ana macho maangavu yaliyotokeza, mashavu mekundu ndani, na ukimbonyeza kwa kidole nyama hurudi. Mbonyeze kabla ya kutaja bei. Mnada ukishaanza, hakuna atakayekusubiri.