Mgeni wa Ziwa Hulakiwa na Nani?

Sisi watu wa Pwani tuna neno letu ambalo vijana wa leo wanalipita kando: kulaki. Kumlaki mtu si kumpokea tu. Waweza kumpokea mgeni ukiwa umekaa barazani pako, naye akaja kwa miguu yake mpaka mlangoni. Kumlaki ni kutoka wewe, ukamwendea njiani, ukakutana naye kabla hajafika, ukamtua mzigo na kumuuliza habari za safari. Mahujaji wanaporejea kutoka Makka hulakiwa hivyo, mtaa ukahamia uwanja wa ndege, hata mpita njia asiyejua akadhani kuna mfalme anayeshuka.

Neno hilo limenirudia kwa ajili ya jambo la kidunia kabisa, nalo ni gari la kukodi. Ninao jamaa wa Mombasa na Malindi ambao shule zikifungwa hawana hamu tena ya kuitazama bahari waliyozaliwa nayo. Wataka kwenda ziwani, Kisumu na visiwa vyake. Tiketi za ndege hununua bila wasiwasi. Hoteli huagiza kwa simu. Lakini likija swali la nani atakayewachukua uwanjani na kuwafikisha ufukweni, watu wazima hutazamana. Kijana wa nyumbani hujibu bila kuinua kichwa: agizeni gari, lipeni, mambo yamekwisha.

Mambo hayajakwisha. Kwanza kuna hilo neno bichi. Kwetu bichi ni mchanga, minazi na hoteli: Bamburi, Diani, Watamu. Kando ya Ziwa Victoria bichi ni diko la wavuvi, mahali mashua zinapofikia na samaki wanapopimwa na kuuzwa. Kila bichi ina kamati yake inayotambuliwa na serikali. Dunga, nje kidogo ya mji wa Kisumu, ni bichi ya namna hiyo: asubuhi utawakuta kina mama wakingoja ngege na mbuta, ambao ndugu zetu wa Tanzania huwaita sato na sangara, na omena wameanikwa juani. Usoma nayo imepakana na uwanja wa ndege wenyewe, na huko pia ni nyavu na mashua, si miavuli na viti vya kulalia. Basi mgeni akimwambia dereva ampeleke bichi, naye akampeleka Dunga, dereva hana kosa. Na Dunga ni pazuri, hasa jua linapotua. Ila si mahali pa kuwatia watoto majini. Maji ya kandokando, penye majani na konokono, yana kichocho, na viboko nao wana milki yao pale tangu kabla ya mji.

Huo mchanga mweupe wanaousikia jamaa zetu uko mbali zaidi, katika kisiwa kidogo cha Takawiri, ng'ambo ya Mbita, jirani na Rusinga na Mfangano. Tazama ramani uone kazi iliyopo. Ghuba ya Winam imeingia ndani ya nchi kama ulimi, na Kisumu imekaa kwenye koo la ghuba. Atakaye kwenda Mbita ana njia mbili. Ya kwanza ni kuizunguka ghuba kwa upande wa kusini, akapita Ahero, Katito, Kendu Bay na Homa Bay, safari ya zaidi ya kilomita 100. Ya pili ni kushika barabara ya Bondo mpaka Luanda Kotieno, mwendo wa saa mbili hivi, kisha gari likapanda feri na kuvuka mpaka Mbita. Rusinga utafika kwa gari, kwa kuwa imeunganishwa na Mbita. Takawiri na Mfangano ni kwa mashua.

Kwa hivyo mtu anayeagiza gari la kumchukua uwanja wa Kisumu hakuagiza gari tu. Ameagiza gari, na feri, na mashua, na upepo. Na upepo huo mtu wa Pwani haujui. Sisi tunahesabu maji kujaa na kupwa. Nahodha wa Lamu akiamka hutazama mwezi. Ziwa halijai wala halipwi kama bahari. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na mchana hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu, na alasiri mawimbi husimama. Ndiyo maana wenyeji hupenda kuvuka asubuhi. Mgeni aliyeshuka kwa ndege ya saa tisa mchana, akataka afike kisiwani jioni ile ile kwa sababu chumba amekilipia, anaweka roho za watoto wake juu ya mashua ya kukimbizana na giza. Hapo gari la bei ghali kabisa halimsaidii. Anayemsaidia ni mtu wa kumwambia: mzee, lala Kisumu leo, kesho alfajiri tutaondoka.

Mtu huyo ndiye niliyemwita mlaki, na Kisumu imewahi kuwa naye kwa sura nyingi.

Wazee wetu walifika nchi zile kwa miguu. Misafara ya Waswahili kutoka Pangani na Mombasa ilikuwa ikifika Mumias kabla ya reli. Mzungu Joseph Thomson alipopita njia ya Umasaini kufika huko mwaka 1883 alikuwa pamoja na mfanyabiashara wa Kiswahili, Jumbe Kimameta, aliyeijua njia kabla yake. Msafara ukikaribia mji ulipiga bunduki hewani, si kwa vita bali kwa kubisha hodi. Kisha yalikuja mazungumzo ya hongo. Leo hongo ni neno la aibu, la kupenyeza noti mkononi mwa askari. Wakati ule lilikuwa ada ya kupita, iliyojadiliwa mchana kweupe, siku moja au mbili au tano, kwa pande za nguo, shanga na waya, na hakuna aliyenyanyua mzigo mpaka neno limekubaliwa. Ilichosha, lakini kila mtu alijua amelipa nini na kwa ajili ya nini.

Reli ilipofika ziwani, Desemba 1901, mahali pale palipewa jina la Port Florence, kwa Florence Preston, mke wa mhandisi Ronald Preston. Jina halikudumu. Wenyeji walikuwa na lao, Kisumu, na husimuliwa kwamba asili yake ni mahali pa kwenda kubadilishana vitu ili kupata chakula. Mji wa kupatana bei tangu mwanzo. Kwa miaka thelathini, mpaka reli ilipofika Kampala mwaka 1931, abiria wa Uganda alishuka garini Kisumu akapanda meli. Reli na meli zilikuwa za bwana mmoja, na meli ilifunga gatini pale pale palipoishia reli. Msafiri hakuuliza nani atanichukua.

Mwaka 1931 huo huo ndege za shirika la Kiingereza la Imperial Airways zilianza kufika Kisumu katika safari ya London hadi Mwanza, na tangu 1937 zikaja ndege kubwa zenye tumbo kama la mashua, zikitua juu ya maji. Zilikuja kwa mto Nili, zikashuka Port Bell, zikaja Kisumu, kutoka hapo zikaruka mpaka Mombasa, Dar es Salaam, Lindi, na mwisho Durban. Yaani mtu aliweza kutoka ziwa la Wajaluo akashuka katika maji ya Mombasa bila kukanyaga uwanja. Abiria walichukuliwa kwa motaboti mpaka nchi kavu. Nauli yao ilikusanya kila kitu: hoteli, chakula, gari la kupelekwa hotelini, hata bakshishi. Hao ndio walionunua kulakiwa pamoja na tiketi. Walikuwa wachache sana, na matajiri, na mtu mweusi aliyewashika mkono kushuka motabotini hakuwa katika safari hiyo ila kwa mikono yake.

Sasa uwanja uko nchi kavu, kilomita chache kutoka mjini, ukingoni mwa ghuba, na ndege ikishuka waweza kudhani inatua majini kama zile za zamani. Uliongezwa na kufunguliwa upya na Rais Mwai Kibaki mwaka 2012, ukaitwa wa kimataifa. Ukitoka mlangoni utaona makundi mawili. Kuna wenye teksi za pale pale, waliozoea uwanja. Na kuna walioagizwa, wamesimama na vibao vya majina; tena wengine hawana hata kibao, wamekutumia picha ya gari na nambari zake kwa simu. Makundi haya hayapendani sana, na si ajabu: mgeni mmoja akiagizwa kutoka Mombasa, mtu mmoja pale nje amekosa kazi.

Mimi sina ugomvi na kuagiza. Mwenye watoto, au mama mzee, au atakayefika usiku, na aagize. Wala simwoni mwenye teksi ya uwanjani kuwa ni wa kuogopwa. Mara nyingi yeye ndiye ajuaye kwamba mvua imenyesha juu milimani na tambarare za Nyando zimefurika, na njia ya Ahero leo haina dhamana. Ninachokisema ni kwamba mapatano ya siku hizi ni mafupi mno. Jamaa huandika maneno manne katika simu, "Kisumu mpaka Mbita, ngapi?", dereva hujibu tarakimu, na kila mmoja huwa na safari yake kichwani. Mgeni adhani bei ni pamoja na feri. Dereva adhani feri ni juu ya mgeni. Mgeni adhani ni gari zima. Dereva ana mtu mwingine wa kumshusha Homa Bay. Mgeni hakusema ana masanduku saba na gunia la zawadi, maana mswahili haendi ugenini mikono mitupu. Hakuna aliyesema kama ndege ikichelewa saa tatu nani atalipia kule kungoja. Wanazuoni wetu wametufunza katika mlango wa ijara kwamba kazi ijulikane na ujira ujulikane, na mtu hahitaji kuwa mwanachuoni ili aone faida yake anapobishana na dereva gatini Luanda Kotieno huku feri inapiga honi.

Ipo hadithi ya upande wetu, nayo hurudiwa sana: fulani alituma fedha zote kwa simu kwa mtu asiyemjua, akafika, hakuna gari wala mtu, na nambari imezimwa. Imetokea, na ni wizi. Lakini nilipokuwa Kisumu nilikaa na dereva mmoja kivulini, mtu wa makamo, mpole, akanipa hadithi ya upande wao. Akasema wageni wengine huagiza magari matatu kwa watu watatu, kisha hupanda la kwanza watakaloliona. Yeye ametoka mjini, ametia mafuta, amelipia maegesho, amewaambia wateja wengine hana nafasi. Anasimama na kibao mpaka uwanja unabaki na wafagiaji. Akipiga simu haishikwi. Nikamuuliza wageni hao ni watu wa wapi. Akatabasamu, akasema, "Mzee, wa kila mahali." Nikaelewa kwamba adabu ilimzuia kunijibu.

Hilo nalo ni wizi, japo hatuliiti hivyo.

Huyo dereva ndiye aliyenipeleka kwa njia ya kusini. Tulipatana yote kabla ya kuwasha gari, hata kwamba tutasimama Kendu Bay kwa sala ya adhuhuri. Kendu Bay ni mji mdogo ambao mtu wa Pwani akiuona moyo hutulia, kwa ule msikiti wake wa Tawakal. Uislamu wa kandokando ya ziwa si wa jana. Kisumu kwenyewe Msikiti wa Jamia ulijengwa mwaka 1919, na mjini kuna mtaa wa Kaloleni na kuna Manyatta Arab, majina yanayotosha kumweleza mgeni ni watu gani waliopita hapo. Dereva wangu si Mwislamu. Alinionyesha pa kutawadha, akaenda kula ngege wake, akarudi akaningoja bila kutazama saa.

Wajaluo humwita mgeni wendo, na ziwa lao Nam Lolwe. Nilimwuliza kama wana neno la kutoka kumwendea mgeni njiani kabla hajafika. Akafikiri kidogo, akasema kwao zamani mgeni alijulikana tangu yuko mbali, mbwa wakabweka, watoto wakakimbia kumtwaa mzigo. Siku hizi, akasema, watoto wako shule na mgeni hushukia kituoni.

Tulifika Mbita jua lingalipo. Mashua za Takawiri zilikuwapo na nahodha alikuwa tayari, ila ziwa lilikuwa limekwisha kuchafuka, povu jeupe mpaka upeo wa macho. Dereva akanitazama, nami nikamtazama. Akatoa mzigo garini, akaubeba mpaka nyumba ya wageni ya karibu, akanitajia bei ya chumba kabla mwenyewe hajanitajia. Nusu ya fedha zake nilikuwa nimempa Kisumu. Nusu tulipatana ni siku ya kurudi. Akaniuliza ndege yangu ni saa ngapi Jumapili, akahesabu kwa vidole nyuma kutoka saa hiyo, njia, na kusimama Kendu Bay, na kuvuka kutoka kisiwani, akasema niwe nimeshuka mashuani saa moja asubuhi, yeye atakuwa papo hapo gatini.